Baba Alipomwambia Mgeni Pole

Juzi niliona wajinga wa mjini wamejazana kwenye boti hapa Karungu, kando ya Ziwa Victoria, wakirusha ndoana ovyo, nikamvuta mwanangu nyuma kwa hasira. Nilipokuwa mtoto, Baba aliendesha boti kama hiyo, mali ya tajiri, nami nilizoea kumfuata. Alasiri moja, katikati ya harufu ya petroli na bia, mgeni asiyejua kuvua alirusha bila kutazama nyuma, ndoana ikanasa sikio la Baba.

“Mbuta! Nimeshika samaki mkubwa!” alipiga kelele akivuta, wenzake wakicheka.

Baba alikata uzi kwa kisu, damu ikimchirizika shingoni.

“Wee mzee, umeniharibia uzi!”

“Pole sana, mkubwa.”

Sikujua kwamba neno moja la mgeni kwa tajiri lingeweza kumnyima Baba kazi. Nilijua tu kuwa anayesema pole ndiye mwenye kosa.

“Baba, ulimkosea nini?” nilimwuliza tukirudi nyumbani.

“Nilikaa pabaya, nyara, binti yangu.”