Nilifuta recent files za ofisi, Akko akanionyesha pa kutafuta

Wakuu, hamjambo. Hii nimeiandika na kuifuta mara nne, lakini ndivyo ilivyokuwa, sijaongeza chumvi.

Nilimaliza chuo mwaka jana. Nafanya internship kwa ofisi ndogo hapa Isiolo, naandikia watu barua na maombi.

Wiki jana nilitumia kompyuta ya ofisi kuandika barua yangu ya kuomba kazi kwingine. Kisha nikaanza kuwaza. Bosi akifungua ile orodha ya recent files, zile zilizofunguliwa karibuni, akiiona je?

Nikabonyeza clear. Orodha yote ikaisha.

Kesho yake asubuhi akaingia Akko Tume kutoka Korbesa. Akko ni nyanya kwa Kiborana. Alikuwa amenisimulia jinsi watu wa kwao walivyochimba kisima chao, nami nikaandika kurasa kumi na mbili. Sasa wengine wanadai kisima ni chao, na kikao cha kuamua kilikuwa saa tano siku hiyo. Alikuja kuchukua kurasa zake.

Hapo ndipo nilipojua mimi hufungua kila kitu kupitia ile orodha. Huwa na-save wapi, sijui. Na jina? Nilitafuta jina zuri mpaka nikachoka, nikaacha lile la kompyuta.

Nikamwambia yote, hata ile barua.

"Umefuta maneno yangu?"

"Hapana, Akko. Ni kama nyayo tu, za kuonyesha yako wapi."

Akacheka. "Sasa unatetemeka nini? Upepo ukifuta nyayo, ngamia amekufa?"

Nikavuta kiti karibu na kompyuta.

"Uliza alikunywa maji lini mara ya mwisho. Mimi nilikuja siku ya mnada, kabla ya chai. Anza hapo."

Nikapanga files zote kwa tarehe. Siku ya mnada, saa tatu na dakika kumi: Document17. Kisima chote kilikuwa humo, mpaka jina la aliyeshuka kwanza kuchimba.

Huyu hajawahi kugusa kompyuta. Nilipomuuliza alijuaje, alisema tu, "Sisi hutafuta hivyo."

Nikamprintia, akakunja karatasi zake. Mlangoni akageuka. "Na ile yako unayoificha, itaenda lini?"

Kikaoni kurasa zilisomwa zote. Uamuzi bado.

Nilichojifunza: orodha sio file, na kitu kipe jina siku kinapozaliwa. Barua yangu nimeipa jina langu kamili. Niliituma jana.

Nyinyi mkipoteza kitu huanzia wapi? Andikeni hapo chini. Nitasoma kila moja mara tatu, mnanijua.