Majina Yanapotokea

Kila filamu ya mhariri huyu huanza vilevile: mji unaonekana kutoka angani, saa inalia, miguu inashuka kitandani, ndipo majina yanatokea. "Ndiyo desturi," husema bila kugeuza shingo, vidole vikicheza na kipanya cha kompyuta. Siku walipoitazama ile mpya sebuleni kwao, dada yake, aliyeitunga hadithi, alikuwa akimsomea mama yao asiyejua kusoma kila jina lililotokea. La mhariri lilitokea mara tatu, mara ya mwisho chini ya neno "Hadithi". Dada akalisoma nalo, sauti haikutetereka.

"Na lako, mwanangu?" mama akauliza.

"Bado, mama. Linakuja."

Mhariri akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.