Costancia Mbele ya Baba Mkwe

Barua ya kuacha kazi Costancia aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko ule wa darasa la nne uliokuwa ukisifiwa kwao Vidunda. Sababu aliyoiweka ilikuwa maneno matatu: shughuli za nyumbani. Sasa barua ilikuwa mezani katika ofisi ya shamba la mkonge, na Afisa Kazi aliyekuja kutoka Kilosa mjini alikuwa akiisoma mara ya tatu.

"Ndugu Costancia, hapa umesema umeacha mwenyewe. Kwenye malalamiko unasema ulifukuzwa. Tushike lipi?"

Costancia aliangalia vidole vyake vya miguu.

Aliyelileta shauri lile barazani alikuwa Mzee Samweli, katibu wa kamati ya wafanyakazi tangu shamba lilipotaifishwa. Ndiye pia aliyemzaa mume wa Costancia. Mzee alimwona mkwewe karudi nyumbani katikati ya mwezi, chakula hagusi, akamtuma mkewe amuulize. Costancia alisema tu, "Nilisukumwa, mama." Mzee hakuchimba zaidi. Sheria ipo, alisema: mwajiri akikubana mpaka ukatoka, ni kama kakufukuza, na fidia atalipa. Kilichobaki ni mwenyewe kueleza alivyobanwa.

Hapo ndipo ulimi ulipokwama. Kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawali pamoja, hawapishani mlangoni, na jambo la mwili wa mwanamke halitajwi masikioni mwa baba mkwe hata kwa mzaha.

"Sema, Mama Bibiana," Mzee Samweli alisema, macho yake dirishani. "Usiogope."

Lupakisyo, nyapara wa wanawake wanaoanika singa za mkonge, alikuwa amekunja mikono. "Aseme nini? Kaandika mwenyewe. Mimi sikumshikia kalamu."

"Nimsemee mimi," alisema Hildegarda, aliyekuwa akianika na Costancia mstari mmoja. Bibiana, mtoto wa mwenzake, alikuwa amelala mgongoni mwake.

"Hapana, mama. Anayedai ndiye anayesema," alijibu Afisa Kazi. "Kama ni shughuli za nyumbani kweli, tufunge faili."

Costancia akasimama. Akageuka, akaupa ukuta uso, mgongo ukawaelekea wote.

"Ala! Unatupa mgongo?" Lupakisyo akacheka. "Hata adabu huna!"

"Mwache," alisema Mzee Samweli. "Hiyo ndiyo adabu yenyewe. Mimi ndiye anayenistahi. Ndugu Afisa, nitoke?"

"Ukitoka, upande wa wafanyakazi hauna mtu. Itabidi tuahirishe mpaka mwezi ujao."

Lakini Costancia alikwishaanza, akiuambia ukuta. Kwamba wanaonyonyesha waliruhusiwa kwenda bandani kwa watoto mara mbili kwa siku. Kwamba Lupakisyo alimzuia siku tatu mfululizo, eti singa hazisubiri. Kwamba maziwa yalimvuja, gauni likalowa hadi kiunoni, na nyapara akawaita wanaume waje waone.

"Akasema..." Akaweka kiganja ukutani. "Akasema waje na vikombe, chai ya saa nne imepata maziwa. Siku ya nne nikaandika barua. Ningeyaandikaje hayo? Nikaweka shughuli za nyumbani."

Hakuna aliyecheka.

"Ni uongo?" Afisa Kazi alimuuliza Lupakisyo.

"Ulikuwa utani tu, ndugu. Utani wa kazini."

"Siku tatu unatania?"

Nyapara akaikunjua mikono, asijue pa kuiweka.

Baraza likaandika kwamba barua ile haikutoka kwa hiari, kwamba Costancia alifukuzwa bila haki, alipwe fidia ya miezi mitatu, na akitaka kurudi arudi. Hildegarda alipiga kigelegele, akakikatiza alipoona mwenzake hageuki.

Costancia alikuwa bado ameukabili ukuta. Alikuwa ameshinda, na angewarudishia fidia yote kama wangemrudishia maneno yake. Kila alilosema lilikuwa limemfikia mzee yule, na kesho asubuhi angepaswa kumwamkia shikamoo.

Viatu vya Mzee Samweli vikaelekea mlangoni, vikasimama.

"Hildegarda," alisema, "mwambie Mama Bibiana mimi napita njia ya reli. Yeye apite ya shambani, hiyo ni fupi. Kisha mwambie nyumbani hakuna atakayemuuliza kitu."

Costancia alikuwa akisikia kila neno, na mzee alijua anasikia. Alingoja mpaka hatua za mzee zimepotea, ndipo akampokea mtoto, akapita katikati ya mikonge, polepole, ili asimtangulie baba mkwe kufika.