Sifuri ya Chemchemi ya Wanjala

Nakumbuka asubuhi moja ya usichana wangu, mwanangu, nilipotumwa kwa nyanya yangu Nasimiyu na habari ya msiba. Nilifika nikihema, nikasema Wanjala amekufa. Nyanya hakulia. Aliniuliza, "Wanjala wa nani?" Sikujua. Akanirudisha njia ile yote nikaulize, akaniambia habari isiyo na baba haiingizwi kwa nyumba ya watu. Unajua kwetu mtoto akizaliwa wakati wa njaa huitwa Wanjala, na njaa ikija haichagui boma moja. Ndiyo maana kina Wanjala wamejaa kijijini kwetu Bokoli kama mahindi, wazima na marehemu, na mimi nawajua kwa baba zao wote.

Nilidhani hiyo ni adabu ya kupeleka salamu tu, basi.

Halafu ikaja miaka hii ya elfu mbili, wakati simu za mkono zilikuwa zinaanza kuingia vijijini. Kijana wangu Protus alikuwa fundi wa baiskeli Kitale, akipanga chumba huko mtaa wa Tuwan. Akaja nyumbani Bokoli na karatasi aliyochapishiwa saiba, kule kwa kompyuta za kulipia. Alisema ati serikali imepima maji ya chemchemi zote na kuyaweka matokeo kwa mtandao, kila mwananchi ajisomee bure. Mimi shule niliiacha mapema, lakini jambo hilo nililipenda. Kitu ambacho kingefungiwa kabatini sasa kilikuwa mkononi mwa mtoto wangu. Protus akaweka kidole kwenye mstari: Chemchemi ya Wanjala, wadudu wa ugonjwa, sifuri.

"Si unaona?" akamwambia mke wake Selina. "Sifuri. Hata waziri akishikwa na kiu atakuja kunywa hapa kwetu, bana."

Selina akacheka. Tangu aolewe alikuwa anachemsha kila tone la maji ya kunywa, na kuni za kwetu zinatafutwa mbali, kwa mgongo. Tulikuwa tunachota kwa Wanjala mwana wa Makokha, hapo chini ya boma. Ukiwa kwetu ukasema unaenda kwa Wanjala, hakuna anayekuuliza, ni hapo. Basi sufuria ya maji ikashuka mekoni. Sikumkataza. Nani anakataza neno la serikali?

Mvua kubwa ikaanza. Nekesa, mtoto wao, ambaye alikuwa ndiyo anajifunza kutembea, akaanza kuhara na kutapika. Protus alimpeleka hospitalini na baiskeli, Selina nyuma amempakata. Walirudi bila yeye. Daktari alisema labda ni maji, labda ni kitu kingine. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwangu mjukuu alikwenda, majuto yakabaki.

Selina aliacha kula. Alikuwa anakaa jikoni, na kila aliyeingia kumpa pole alimuuliza swali moja: je, ni yeye aliyemuua mtoto siku aliyoacha kuchemsha maji? Nikasema jibu nitalitafuta mimi, maana lile neno lilitoka kwa watu wa serikali, na wao lazima wanajua walichoandika.

Nikaenda Bungoma, kwa ofisi ambayo sitaitaja. Nilikutana na kijana mpole, Barasa, aliyeniita Kukhu kama wajukuu wangu wanavyoniita, akaniachia kiti chake. Nikamweleza kila kitu. Akaniuliza ni Wanjala yupi. Nikamhesabia: Wanjala wa Makokha, Wanjala wa Simiyu wa kule mtoni, Wanjala wa Khaemba yule mshonaji, wote wana chemchemi. Akaitafuta chemchemi yetu kwa kompyuta muda mrefu. Kulikuwa na Wanjala, nukta. Hakuna kijiji, hakuna mwezi, hakuna jina la aliyechota maji wala chombo alichopimia. Mwanangu, nilikuwa nimebeba majina yote, na hapakuwa na mahali pa kuyaweka.

Nikasema basi, angalau sifuri ni sifuri. Barasa akaiacha kompyuta, akanigeukia.

"Kukhu, nisikudanganye. Sifuri hapa inaweza kuwa walipima, wakakosa mdudu. Ama inaweza kuwa hawakufika huko kabisa, wakajaza sifuri ili nafasi isikae wazi."

"Na hii yetu ni ipi?"

"Karani aliyejaza kwa kompyuta alishafariki. Hakuacha maelezo."

Nikauliza kama maji yanaweza kupimwa upya. Akasema yanaweza, lakini yatatoa habari ya leo. Maji aliyokunywa Nekesa yalishapita.

Nilirudi nikamwambia Selina vile nilivyoambiwa, sikuongeza la kumfariji. Hakulia. Alisema, "Kwa hivyo hakuna anayejua." Nikamjibu hakuna. Baadaye alirudi kwa wazazi wake, kwao Kitale. Waliomtembelea wananiambia huchemsha hata maji ya kufulia nguo.

Sasa wewe uliyesoma, mwanangu, unayepima maji ama udongo ama mvua kwa niaba ya serikali, sikuambii ufiche. Yatoe, watu wayaone, ni haki yao. Lakini usiitoe namba uchi. Andika ni ya mahali gani, kwa namna ambayo hata mgeni atafika hapo. Andika siku na msimu, maana maji ya kiangazi si maji ya mvua. Andika nani alipima, kwa chombo gani, na namba yenyewe inahesabu kitu gani. Na pale usipofika, sema hukufika. Nafasi tupu haimdanganyi mtu. Atakayesoma ni mtu usiyemjua, hutakuwepo akuulize, naye atakuamini.

Sina tumaini kubwa kwamba utanisikia. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na watu vilevile. Hata hivyo nakuombea. Mungu akupe mkono usiochoka kueleza, na mama yeyote asikae jikoni na swali ambalo wewe ungeweza kulijibu kwa mstari mmoja.