Kivuli Kwenye Ukuta wa Uwanja wa Ndege

Mtaa mzima ulimwita Rubani, na mtu mwenyewe alikuwa hajapanda ndege tangu azaliwe. Kazi yake ilikuwa mabango na mihuri. Alikuwa na duka la mlango mmoja wa chuma, katikati ya kinyozi na fundi viatu, na humo ndani ukiingia unatoka unanuka rangi na gundi hadi kesho yake. Jina alipewa na yule kinyozi, ambaye siku moja alimkuta kaikodolea macho kompyuta, ulimi nje, jasho linamtoka, anahangaika kutua na ndege ya kwenye mchezo. Tangu siku hiyo kila akifungua duka asubuhi anaulizwa abiria wangapi kawaua jana.

Alicheka nao. Ila hawakujua, na hakujisumbua kuwaambia, kwamba kurusha ndege hakukuwa shughuli yake kabisa. Shughuli yake ilikuwa kujenga viwanja vya ndege.

Mnielewe hapa, maana wengi huwa wanachanganya. Mchezo ule una dunia nzima ndani yake, milima yake, mito yake, miji yake. Lakini walioutengeneza nao ni binadamu, hawakumudu kila kitu. Viwanja vikubwa wamevipamba mpaka basi. Vile vidogo vya miji yetu wamevichorea kipande cha lami na kibanda kimoja cha kijivu, hichohicho kila mahali, kama sare ya shule. Basi wapo watu huku na kule, wengine wastaafu, wengine wana kazi zao wanazitoroka, hukaa wakavijenga upya vile vilivyopuuzwa, ukuta kwa ukuta, taa kwa taa, kisha wakavitoa bure wenzao wavipakue. Rubani alikuwa kwenye kikundi cha watu wanaofufua viwanja vilivyokwisha kufa. Kiongozi wao waliyemwita Mzee wa Lami alikuwa nchi nyingine, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Alikuwa mtu mpole, lakini kwenye kazi hana mchezo.

Kiwanja alichokuwa anakifufua Rubani kilikuwa cha mji wao wenyewe, kile cha zamani. Kilivunjwa baada ya kujengwa kipya cha vioo huko nje ya mji, na sasa pale pamebaki maghala ya saruji na malori yaliyokufa. Na kwa nini kiwanja hicho na si kingine, nitasema sasa hivi, sina tabia ya kuzungusha watu. Ni kwa sababu dada yake aliondokea pale.

Dada yake mkubwa huyo ndiye aliyembeba Rubani mgongoni mama yao alipokuwa kazini. Alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Simu zilikuja, kisha zikapungua, kisha zikakatika. Waliulizia kila walikoweza. Wakala aliyempeleka alikuwa ameshahama ofisi, na waliohamia pale hawakuwa na habari. Wakaambulia patupu. Hakuna aliyewaambia amekufa, wala aliyewaambia yu hai. Miaka ikaenda. Mama akaacha kumtaja, na akitajwa mbele yake ananyanyuka kwenda kutazama kama maji yamechemka, hata kama jiko limezimwa tangu asubuhi. Rubani naye akajifunza kunyamaza. Lakini alimkumbuka dada yake kila siku ya Mungu, utu uzima wote ule, na ndevu zote zile. Hakuweza kumrudisha. Akaona basi angalau aparudishe mahali pa mwisho walipomwona.

Sasa, kazi ya kujenga kiwanja ina sheria zake, na ya kwanza kabisa ni hii: ukuta upigwe picha siku ya mawingu, kwa kuukabili moja kwa moja, pasiwe na kivuli hata kimoja. Picha hiyo ndiyo inayovishwa kwenye ukuta wa mchezo. Rubani aliiita ngozi. Mchezo una jua lake, linachomoza na kuzama, na lenyewe ndilo linalotoa vivuli. Ukileta ngozi yenye kivuli, kivuli hicho hakiondoki tena.

Lakini kiwanja kimevunjwa, sasa ngozi utaitoa wapi? Ikabidi azunguke kuomba picha za zamani. Dereva teksi mmoja mstaafu alimpa mnara. Mama mmoja aliyewahi kuuza magazeti pale akampa ukumbi na viti vyake. Ukuta wa nje, ule wa upande wa kuagana, wenye geti la kuendea ndege kwenye pembe yake, ulikosekana kila mahali. Picha yake ilikuwa moja tu, nyumbani kwao, na aliyeipiga ni yeye mwenyewe Rubani.

Siku ile dada anaondoka walikuwa wameazima kamera kwa jirani. Mama akampa yeye, mtoto wa shule, ampige dada yake kabla hajavuka geti. Jua la jioni lilikuwa mgongoni mwao. Kijana akainama kwenye kamera, akahangaika na vitufe, akabonyeza. Picha iliposafishwa, lo! Ukuta umetoka safi ajabu, kila tundu la tofali na kila mchirizi wa kutu. Dada hayumo. Kilichomo ni kivuli chake tu kimejilaza ukutani, mkono mmoja juu, mkoba begani. Siku hizo simu bado zilikuwa zinakuja, na mama alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia dada kwenye simu kwamba mdogo wake kampiga picha akiwa ameshakwenda. Walicheka wote, huku na huko. Simu zilipokatika, picha ikaingia kabatini na kicheko chake.

Hiyo ndiyo picha aliyoivisha ukutani. Na kivuli hakukifuta.

Kiwanja kikapelekwa kwa wenzake wakijaribu kabla hakijatoka. Malalamiko yakaanza kumiminika. Mmoja akasema saa sita mchana kuna kivuli kirefu cha mtu na mtu mwenyewe hayupo. Mwingine ametua mvua inanyesha, mbingu imefunga, kivuli kipo tu. Mzee wa Lami akampigia, akamsifia mnara, akamsifia hata madoa ya mafuta kwenye lami, kisha akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba lile ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Akifute, la sivyo kiwanja hakitoki.

Kukifuta si kazi. Unachukua kipande cha ukuta wa pembeni, unakibandika juu, unalainisha kingo, kwisha habari. Rubani alikuwa ameshafuta watu chungu nzima kwenye picha za kiwanja kile, na mbwa, na baiskeli, bila hata kupepesa jicho. Kwa kivuli hicho mikono iligoma. Alikaa mbele ya kompyuta akashika tama, wateja wakija kuulizia mihuri yao anawaambia kesho. Mwenyewe alijua anachoogopa. Akikifuta, atakuwa ndiye aliyemwondoa dada yake mara ya pili, tena kwa mkono wake.

Mkewe ndiye aliyemfungua macho, na hakuwa hata anamtazama, alikuwa anapiga pasi. Mwanamke huyo alikuwa ameshalishwa habari za jua la mchezo mezani mpaka angeweza kufundisha. Akamwuliza analilia kivuli au analilia mwenye kivuli. Kama ni mwenyewe, basi amtengeneze asimame pale, jua si lipo? Litampa kivuli chake.

Rubani akavuta kalamu aanze kumchora. Lakini alipotaka kumwona dada yake kichwani, hakumwona. Alikumbuka sauti, alikumbuka mafuta ya nywele na joto la mgongo ule. Ila alivaa nini? Alikuwa mrefu kiasi gani? Kumbe hata hayo yalikuwa yamemponyoka, na iliyobaki wazi ni picha moja tu kichwani: dada anakwenda getini, amewapa mgongo, mkono kaupunga bila kugeuka. Hilo la kutogeuka alikuwa amelibeba moyoni kimyakimya tangu utotoni. Liliuma.

Mtu wa kuulizwa alikuwa mmoja. Jumapili mchana akamfuata mama yake uani, mama anakunja nguo zilizokauka. Akapiga moyo konde.

"Mama, dada siku ile alivaa nini?"

Mama akaweka shuka chini, akanyanyuka kuelekea jikoni. Rubani akajua imekwisha. Mama akafika mlangoni, akasimama pale, mkono kwenye fremu, hakuingia.

"Sketi ya bluu," akasema. "Ilikuwa yangu."

Ikawa kama mfereji umezibuliwa. Blauzi ilikuwa nyeupe, ina kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Viatu vilikuwa vinambana, akasema atavivua akishakaa kwenye kiti chake. Shingo ndefu kama ya bibi yake. Mama akasema na kusema mpaka jua likahama uani, akilia katikati, akijifuta na shuka iliyokuwa imeshakunjwa, akiendelea.

Rubani akaanza kazi. Urefu wa dada aliupata kwenye kivuli chenyewe: aliuwekea mchezo tarehe ile na jua la jioni ile, akamsimamisha yule dada wa bluu na nyeupe mbele ya ukuta, akawa anamrefusha na kumfupisha, anamsogeza huku na kule, mpaka kivuli chake kikaingia barabara ndani ya kile cha kwenye picha, mkono juu ya mkono, mkoba juu ya mkoba. Hapo ndipo alipokifuta cha zamani. Alifumba macho akibonyeza. Alipoyafumbua, kivuli kilikuwa palepale, ila sasa kina mwenyewe. Mzee wa Lami akajibu kwamba sasa ni kazi ya kiume, kitoke hata leo. Rubani akamwomba asubiri kidogo, kuna mtu lazima akione kwanza.

Mama hakuwahi kukanyaga duka lile. Rangi zilimpa kifua. Alikuja Jumapili na kanga yake ya kutokea, akakalia kiti cha wateja. Rubani akamwonyesha ukumbi, mnara, kisha polepole akampeleka upande wa ukuta.

Mama akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Kisha mama akakunja uso.

"Mgeuze."

"Nimgeuze vipi, mama?"

"Umemtazamisha ukutani huko, geti liko mbele yake. Mkono ulioupandisha ni wa kulia. Dada yako alikuwa mtu wa kushoto, umesahau? Mgeuze."

Kivuli hakisemi kama mtu amekupa uso au kisogo. Rubani akamgeuza, akampandisha mkono wa kushoto, mkoba ukahamia bega la pili. Ukutani hakikubadilika kitu hata chembe. Lakini dada sasa alikuwa anawatazama wao.

"Aligeuka?" Rubani akauliza, na sauti ilimtoka ya kitoto.

"Aligeuka mara ngapi! Alisimama pale anakupungia wewe, anakuita jina. Wewe si ulikuwa umeinamia kamera."

Mwanaume mzima akalia, rangi mikononi, mama akimpigapiga mgongoni kama zamani. Kinyozi alichungulia mlangoni na mzaha wake tayari mdomoni, akaumeza, akaondoka zake.

Alipotulia, Rubani akajifuta, akaona haya kidogo, akataka kuchangamsha mambo. Akamwambia mama bado hajaona kitu. Ndege yenyewe ya siku ile anayo, ya aina ileile na rangi zilezile. Anaweza kuileta itue, isogee mpaka nyuma ya geti, ngazi zishuke. Akapeleka kidole kwenye kitufe.

Mama akamshika mkono.

"Usilete ndege," akasema. "Mwanangu, nakuomba. Usilete ndege."

Rubani akauondoa mkono wake kwenye kitufe. Akaisimamisha saa ya mchezo, jua la jioni likabaki lilipo, na mama akavuta kiti chake mbele kidogo.