Ndege adimu wa Masako

Wiki hii nilikuwa kwenye ofisi ya washauri wa mazingira hapa Kisangani. Mkuu wao, mama mwenye miwani puani, alikuwa akisikiliza sauti zilizorekodiwa katika msitu wa Masako, kompyuta ikimtajia kila ndege, ili aandike ripoti kuhusu barabara inayopangwa kukatiza msitu huo.

Mwenzake akaruka kitini. "Mama, imepata ndege adimu! Ile barabara haitapita tena mu pori!"

Mama akarudisha sauti, akainua kidole. "Papa, hii haiko ndege. Iko kengele ya toleka."

Kweli, ilikuwa baiskeli ya abiria.

"Bon, mashine ndiyo imesema. Na weye mwenyewe haupendi ile barabara."

"Siipendi. Donc, kwa sababu ile, nitaikatala na ndege ya kweli."

Mama akamfuta ndege yule kwenye orodha ya kompyuta, akavuta buti zake kutoka chini ya meza ili aende msituni mwenyewe.

Ripoti yake haijaandikwa bado. Mimi nimeshaiamini.