Kaburi Tunalozuru Kunduchi Si la Ukoo Wangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni mzee wa miaka themanini na mbili, mwalimu mstaafu wa historia, ninaishi Bunju kwa mwanangu mkubwa pamoja na mke wangu. Moyo wangu umechoka. Daktari ameshawaambia watoto jambo ambalo wananificha, na mimi nimeshalielewa. Anayenichapia haya ni muuguzi anayekuja kunichoma sindano, maana vidole vyangu havishiki tena simu. Yeye si ndugu yetu, ndiyo maana nimeweza kumwambia.

Nilizaliwa Singida, kwa wazazi Wanyaturu, wakulima. Nilipokuja Dar es Salaam kufundisha nilikuwa nimeshasilimu kwa hiari yangu, na hilo sijawahi kulijutia. Nikampenda binti wa mwenye duka mmoja wa Temeke, familia yenye asili ya Uarabuni, watu wanaoweza kukutajia mababu saba bila kusita. Niliogopa kwamba hawatanitaka, nikawaambia kwao kwamba wazazi wangu wote wamefariki. Nilikwenda kuposa na walimu wenzangu. Baba wa binti akatukaribisha kahawa, akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, mfuko wako siuulizi. Nataka kujua wewe ni wa nani."

Wiki ileile nilikuwa nimewapeleka wanafunzi kwenye magofu ya Kunduchi. Mdomo ukanitangulia. Nikamwambia babu wa babu yangu alikuwa mtu wa pwani, amezikwa pale, na wanawe ndio waliohamia bara na misafara ya biashara. Nilidhani yameisha. Yule mzee akaweka kikombe chini, akasema, "Basi Jumapili twende wote tukamsomee."

Nilichagua kaburi ambalo maandishi yake yamefutika. Nilikuwa mwalimu wa historia, nilijua hakuna atakayeweza kunibishia. Mkwe wangu akasoma Fatiha kwa sauti, akafuta machozi, akanikumbatia. Nikaozwa.

Tangu hapo, kila mwaka, Jumapili ya kwanza baada ya Idi, ukoo mzima unakwenda Kunduchi kushinda pale. Mke wangu huanza kupika pilau tangu alfajiri, wanangu hufagia majani, wajukuu hutandika mikeka na kuniomba niwasimulie. Nami huwasimulia, na kila mwaka naongeza kidogo. Nimempa yule marehemu jina, nimempa mashamba ya minazi, hata kilema cha mguu nimempa. Mjukuu mmoja alizaliwa na mguu mfupi kidogo, shangazi zake wakasema amemrithi babu.

Kinachonitesa kuliko yote ni mdogo wangu. Enzi tunakaa Sinza alinitafuta mpaka akanipata, akafika na dumu la asali asubuhi ileile tunayotoka kwenda Kunduchi. Nikawaambia nyumbani ni rafiki yangu wa zamani, tukaondoka naye. Kaburini akavua viatu kama wengine, akainua mikono, akasikiliza yote. Tulipobaki wawili pembeni akaniambia kwa Kinyaturu, taratibu, "Kaka, mama hakuwahi kuniambia kama tuna babu huku."

"Nyamaza, nitakueleza."

"Mama anauliza wajukuu zake wanafanana na nani. Nimwambie nini?"

Nikarudi mkekani kwa wengine. Kesho yake akaondoka, hakurudi tena. Mama alipofariki nilipata barua ya mdogo wangu shuleni. Sikwenda. Ningemuaga mke wangu kwamba naenda kumzika nani?

Sasa mjukuu wangu anaolewa. Wazee wa upande wa mwanamume wameomba waonyeshwe kaburi, na Jumapili hii tunakwenda nao. Kiti cha magurudumu kimeshaazimwa. Nimepangiwa kutaja nasaba mbele yao, jina kwa jina. Juzi nikaona siwezi. Baada ya chai ya asubuhi nikamwita mwanangu na mama yake, nikawaambia yote kuanzia Singida. Mwanangu akanitazama kwa huruma.

"Baba, hizi dawa mpya zinakuchanganya."

"Sijachanganyikiwa. Mimi ni Mnyaturu."

"Haya, Mnyaturu wetu. Na mama ni nani, Mmasai?"

Wakacheka, hata mke wangu. Akanifunika shuka miguuni, akasema, "Pumzika, Mwalimu. Jumapili utamsomea babu yako, moyo utatulia." Kisha nikamsikia mwanangu uani akimwambia dada yake kwenye simu, "Mzee ameanza kupotea. Tumkalishe karibu na mimi, akikwama nitamalizia mwenyewe. Mimi mbona nayajua yote." Ni kweli, anayajua yote. Nilimfundisha mimi. Hata nikifunga mdomo, uongo wangu una mtu wa kuusema.

Mdogo wangu naye ameshafariki. Amebaki binti yake, yuko Singida, na namba yake nimeipata kwa mwalimu mwenzangu wa zamani. Ni yeye peke yake anayeweza kusimama mbele ya familia yangu akasema huyu ni baba yangu mkubwa, wakaamini. Lakini nimpigie nimwambie nini? Njoo unitambue, mimi niliyemkana baba yako? Na akija, mke wangu, mwanamke wa miaka sabini na sita ambaye hajanikosea kitu, atajua kwamba baba yake alimwoza kwa uongo wangu, tena ajue wakati wageni wa mjukuu wetu wamo ndani. Nikinyamaza, nitaacha wajukuu kumi na mmoja wanaomwombea mtu wasiyemjua, na hakuna hata mmoja wao anayejua kuwa mama yangu aliwahi kuishi.

Leo ni Alhamisi. Muuguzi ameshaiweka ile namba kwenye simu yake, ameishika mkononi, ananisubiri niseme. Nyinyi mnaosoma hapa, mlio na wazazi na mlio na watoto, nisaidieni mimi niliyeshindwa. Apige, au aifute?